Tunu ya Msafiri



Katika miji yetu ya pwani kuna jambo ambalo watu hulinong'ona uani wala hawalitaji barazani, nalo ni mzigo wa zawadi za safari. Mtu hupata safari, na kabla hajakata tiketi amekwisha kuandikiwa orodha. Huyu ataka simu, yule ataka saa, shemeji ataka viatu na ameleta uzi wa kipimo cha mguu. Akirudi mikono mitupu huambiwa ana kiburi, akileta kidogo huambiwa mchoyo, na akimpa huyu akamruka yule, udugu huingia ufa. Namjua bwana mmoja wa mji wetu aliyerudi kutoka Bara Arabu usiku wa manane, akapita mlango wa uani, akakaa siku nne ndani ya nyumba yake asitoke hata kwenda msikitini, kwa sababu fedha zilikuwa zimemwishia na hakuwa na cha kuwapa majirani. Tazama msiba huo! Mtu mzima mwenye akili kukosa sala ya jamaa kwa kuogopa kuulizwa chupa ya manukato. Na nyuma ya huyo wapo wengine tusiowaona, kama yule aliyekaa Dar es Salaam miaka saba asimzuru mamake Pangani, kwa kuwa kila akihesabu zawadi, nauli haitoshi.

Jambo hili limenishughulisha miaka mingi. Kwa hivyo nilipojaaliwa kwenda Japani kumzuru binti yangu, ambaye mumewe yuko Nagoya akinunua magari yaliyotumika na kuyaleta huku kwetu, kilichonivuta zaidi ya majengo na treni ni namna watu wa nchi ile wanavyochagua zawadi za kuwarudishia waliobaki nyumbani. Kwani Wajapani hupeana zawadi za safari kuliko sisi. Hata mtu akienda mji wa pili kwa siku moja tu, harudi bila ya kifurushi.

Wenyewe huiita *omiyage*. Neno hilo huandikwa kwa alama mbili, ya kwanza ni ya ardhi na ya pili ni ya mazao. Basi sharti lake la kwanza ni kuwa zawadi itoke pale ulipokwenda, iwe ni zao la ardhi ile na kazi ya mikono ya watu wake. Karibu kila mji una kitu chake mashuhuri. Nagoya wana *uiro*, kitu kitamu cha unga wa mchele na sukari kilichopikwa kwa mvuke, kizito kidogo mdomoni. Hiroshima wana kikeki chenye sura ya jani la mti wa *momiji*, ndani kimetiwa maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Kilianzia katika kisiwa cha Miyajima karibu na mwaka 1906. Hokkaido, kule kaskazini kwenye theluji na ng'ombe wa maziwa, wana biskuti iitwayo Shiroi Koibito tangu mwaka 1976. Na Tokyo wana keki laini yenye krimu ya ndizi, inauzwa tangu mwaka 1991 kwa jina la Tokyo Banana. Hii ilinichekesha sana, maana Tokyo si mji wa migomba. Ndugu zetu wa Bukoba wangeisikia wangedai haki yao.

Jirani wa binti yangu ni mama wa makamo. Nilimpelekea karafuu kidogo nilizotoka nazo huku. Alizipokea kwa mikono miwili, akanusa, kisha akauliza zimetoka wapi. Nikamwambia Pemba. Nikaona hajatosheka, anangoja. Nikamwambia, upande wa Wete. Hapo akatikisa kichwa kwa furaha na kulirudia jina la Wete mara mbili tatu ili alishike. Bei hakuiuliza, wala hakuwa na haja ya kuambiwa kuwa ni kitu cha thamani. Alichotaka ni kujua ardhi yake.

Sharti la pili ndilo lililonigusa mimi niliye mwalimu wa watoto. Vitu hivyo vitamu hutiwa katika boksi kwa hesabu, vinane, kumi na viwili, ishirini, na kila kimoja kimefungwa peke yake kwa karatasi. Nje ya boksi huandikwa idadi, na huandikwa pia siku ya mwisho ya kuliwa vikiwa vizuri. Mnunuzi husimama dukani akihesabu watu kwa vidole, kisha huchagua boksi kwa hesabu yake. Nilimwona kijana mmoja katika ofisi ya mkwe wangu aliporudi Hiroshima. Alifungua boksi lake asubuhi, akapita akiweka kimoja juu ya kila meza, cha mkubwa wa ofisi sawasawa na cha yule mama anayefagia. Mwenzao mmoja alikuwa hakuja siku ile, na chake kiliwekwa juu ya meza yake, kikamngoja. Boksi zima halikuzidi yeni 2,000. Nikamkumbuka Sahaba Nuuman bin Bashir, ambaye babake alitaka kumpa yeye peke yake kipawa na kuwaacha ndugu zake, na Mtume wetu (S.A.W.) akakataa kuwa shahidi wa jambo hilo. Sisi tunaisoma habari hii, twaijua isnadi yake, kisha twashuka kwenye ndege na kumpa mtoto wa dada simu na mtoto wa kaka peremende.

Utauliza, desturi hii waliitoa wapi? Yatokana kwa sehemu kubwa na ziara. Katika zama za Edo, yaani baina ya mwaka 1603 na 1868, watu wa kawaida walitamani sana kwenda Ise, penye hekalu lao kubwa. Dini yao ni yao na yetu ni yetu, wala sina haja ya kulieleza hekalu hilo. Linalonihusu ni safari yenyewe. Ilikuwa ya miguu, ndefu, na maskini hakuiweza. Kwa hivyo wanakijiji waliunda chama, kila mmoja akitoa kidogo kidogo, kisha wakapiga kura, na aliyeangukiwa na kura akaenda kwa niaba ya wote. Alipoondoka walimpa fedha za kumwaga, ambazo mpaka leo huitwa *senbetsu*. Aliporudi, alikuwa na wajibu wa kuwaletea kitu cha kule wote waliochanga, ili nao wawe kama waliokwenda. Katika miaka fulani, kama 1705, 1771 na 1830, watu walimiminika Ise kwa mamilioni. Na kwa kuwa walitembea kwa miguu, walibeba vitu vyepesi visivyooza, kama vile kalenda, karatasi, dawa na hirizi za hekalu.

Nilipoelezwa haya nilinyamaza kitambo. Je, si hivi hivi tulivyokuwa tukiwaaga mahujaji wetu? Mtu akitiwa shilingi mkononi bandarini, akaombwa dua, naye arudi na maji ya zamzam katika debe, tende, mswaki na tasbihi. Zamzam hugawiwa kwa kikombe cha kahawa, kila mtu funda moja, na hakuna aliyewahi kulalamika kuwa funda lake dogo. Na mimi mwenyewe, kabla sijaondoka kwenda Japani, wanafunzi wangu wa chuo, 46 kwa hesabu, walinichangia masurufu ya njiani katika kopo la majani ya chai. Zilikuwa sarafu tupu, na zilinitosha chai ya uwanja wa ndege tu, lakini lilikuwa ni deni, na nililijua kuwa ni deni.

Vitu vitamu vilichukua nafasi kubwa pale reli ilipokuja. Treni ya kwanza ya Japani ilianza mwaka 1872, na treni za kasi kati ya Tokyo na Osaka mwaka 1964. Kitu ambacho zamani kingeoza njiani sasa chafika nyumbani kikiwa bado laini. Pale Ise pana duka lililoanza mwaka 1707, likiuza *akafuku*, mchele wa kunata uliopondwa na kufunikwa maharage mekundu matamu, na juu yake hupitishwa vidole kufanya michirizi mitatu kama mawimbi ya mto Isuzu unaopita hapo. Siku hizi huuzwa hata stesheni ya Nagoya. Nilikula, ni kitu kizuri. Lakini kina siku mbili au tatu tu za uhai, basi msafiri wa Tanga na akile pale pale amshukuru Mola wake.

Sasa nije kwenye kuchagua, maana Mwislamu ana mambo yake ya kutazama. Binti yangu alikuwa akisoma nyuma ya kila boksi kabla ya mimi kulishika. Orodha ya vilivyomo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Alinifunza majina machache ya kuyakwepa. *Sake* ni ulevi wa mchele, na *mirin* ni ndugu yake mtamu atumikaye jikoni. *Yoshu* ni ulevi wa kizungu unaotiwa katika keki nyingi ambazo ukizitazama huwezi kuzidhania. Kisha kuna jelatini, ambayo huenda ikatokana na nguruwe, na mafuta ya nguruwe yenyewe. Mayai ya samaki yenye pilipili ya Fukuoka, *mentaiko*, ni tunu mashuhuri sana huko tangu yalipoanza kuuzwa mwaka 1949, lakini mara nyingi hutiwa sake. Vitamu vya kienyeji vya mchele, maharage na sukari ndivyo vyepesi zaidi kwetu, ila hata hivyo soma au uliza. Tulipoomba Kobe, katika msikiti uliofunguliwa mwaka 1935, ambao ni wa kwanza katika Japani na ulinusurika mabomu ya mwaka 1945 na zilizala ya 1995, Waislamu wa pale walituambia hivyo hivyo: usione haya kuuliza, muuza duka wa Kijapani ataona wewe ni mtu makini.

Na vipo visivyoliwa ambavyo niliviacha rafuni. Hirizi za mahekalu zilizoshonwa kwa hariri, moja ya mtihani, moja ya kujifungua, hata ya udereva. Daruma, lile sanamu la duara la mji wa Takasaki, ambalo mtu hulichora jicho moja akiweka nia na la pili nia ikitimia. Na paka wa kauri anayepunga mkono kuita wateja, ambaye hufanywa kwa wingi katika mji wa Tokoname, pale pale ulipo uwanja wa ndege wa Nagoya. Mkwe wangu alicheka akaniuliza kama simchukulii muuza duka wa mtaani kwetu. Nikamwambia, rizki ya yule bwana haiitwi na paka. Na paka wa kweli anao watatu, wote wanamla dagaa.

Kyoto nilichukua *yatsuhashi*, mikate myembamba migumu ya unga wa mchele, sukari na mdalasini. Ipo pia laini isiyookwa, lakini ile haikai. Ukilifungua boksi hupigwa na harufu ambayo mtu yeyote aliyepita Darajani, Unguja, ataijua. Niliichagua kwa ajili ya majirani, nikijua kuwa ni kigeni kwa sura na si kigeni kwa harufu, na mtu mzima atakitia mdomoni bila ya wasiwasi.

Lakini ya Nagasaki ndiyo yenye kisa. Huko kuna keki iitwayo *kasutera*, ya mayai mengi, sukari na unga wa ngano, haina siagi wala mafuta, na chini yake hubaki chembe za sukari zisizoyeyuka. Waliifunzwa na Wareno. Wareno hao waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498 ndio waliofika Japani mwaka 1543, na kuanzia mwaka 1571 meli zao zikawa zinatia nanga Nagasaki. Wajapani waliwafukuza mwaka 1639, na huku kwetu Waomani waliitwaa Ngome ya Mombasa mwaka 1698. Huko yamebaki keki na neno *pan* kwa maana ya mkate. Huku yamebaki meza na leso. Binti yangu alitafuta duka ambalo halitii mirin katika keki yake, tukanunua boksi moja refu.

Hiyo ilikuwa ya shangazi yangu. Amekwisha kupita miaka 85, hana meno, wala hatoki kitandani ila kwa kushikwa. Nilipomwaga aliniambia neno moja tu: "Niletee kitu cha huko nikijue, maana mimi sitafika." Nilimkatia kipande chembamba. Alitafuna kwa ufizi, macho kayafumba, akamaliza, akaomba cha pili. Kisha akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeona mwenzake ametapeliwa. "Baba," akasema, "huu ni mkate wa mayai. Tena aliyeupika kasahau iliki." Nikamweleza habari ya Wareno na meli zao. Akasikiliza yote, akasema, "Basi huko nako watu wanakula kama watu." Tangu siku ile kila anayemzuru humweleza kuwa Japani ni nchi ya mkate wa mayai, na kwa hakika hajakosea sana.

Rafiki yangu mmoja ni fundi seremala wa milango ya nakshi. Kwake nilinunua jozi moja ya vijiti vya kulia vilivyopakwa rangi ya utomvu ya Wajima, mji ulio kwenye rasi ya Noto. Kazi ya Wajima hupita mikono mingi, tabaka juu ya tabaka, na chombo kimoja huhesabiwa hatua zaidi ya mia. Siku ya Januari 1, 2024, tetemeko kubwa liliupiga mji huo, moto ukateketeza soko lake la asubuhi, na mafundi wengi wakapoteza karakana zao. Baadhi yao wamerudi kazini. Kununua kwao ni zawadi mara mbili, na bei yake sikuilalamikia. Rafiki yangu havitumii kulia, bila ya shaka. Ameviweka juu ya rafu ya patasi zake na kila siku huvigeuza kwenye mwanga akitafuta palipoungana rangi, na hajapaona.

Mke wangu nilimletea *furoshiki*, kitambaa cha mraba ambacho Wajapani hufungia kila kitu, vitabu, chakula, hata tikiti maji. Alikipokea akakikunja mara moja kama anayekijua. Ni kweli anakijua. Mama zetu walifunga mizigo kwa kanga, na katika karne iliyopita nyingi katika kanga hizo zilichapwa huko huko Japani na kuja kuuzwa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam.

Nisiwapambe kupita kiasi. Wajapani nao wana mzigo wao. Zawadi imekuwa wajibu mzito, mtu hatumii saa yake ya mwisho kutazama bahari bali hukimbilia foleni ya stesheni, na wengi hulalamika. Tena katika Tokyo yenyewe yapo maduka ya mikoa mingi, waweza kununua biskuti za Hokkaido usione hata chembe ya theluji. Binti yangu alinionyesha, akiniambia ningepumzisha miguu yangu. Nikakataa. Kitu cha Nagasaki nikinunue Nagasaki, ili nikiulizwa nilikipataje niwe na la kusimulia. Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza kupeana hadiya na akatufunza kuwa hadiya huzaa mapenzi, wala hakuiwekea bei; hata ukwato wa mbuzi jirani asiudharau. Wewe unayesafiri mwezi ujao, ukiwa waenda Muscat au Kigoma tu, zikatae zile orodha kwa upole tangu mwanzo. Waambie jamaa: nitawaletea kitu cha huko, na kila mtu atapata. Watanuna wiki moja. Na wewe uliyebaki Dar es Salaam miaka saba, mpelekee mamako mkate wa Kariakoo, au usimpelekee kitu, nenda tu.

Limebaki deni la kopo la chai. Si mbali na Nagoya, katika mkoa wa Gifu, uko mji wa Mino ambao hutengeneza karatasi kwa mikono. Zipo mpaka leo daftari za kuandikia watu zilizofanywa kwa karatasi ya Mino mwaka 702, yaani miaka 80 tu baada ya Hijra. Gome la mti huloweshwa, huchemshwa na kupondwa, kisha hutiwa katika maji pamoja na ute wa mizizi ya mmea ambao ni wa ukoo mmoja na bamia yetu, na fundi huchota kwa chekecheke la mianzi akiliyumbayumbisha mpaka nyuzi zishikane. Mwaka 2014 UNESCO iliitia kazi hiyo katika orodha ya urithi wa walimwengu. Nilinunua karatasi 46, nyepesi kama ganda la kitunguu, zote hazikufika nusu kilo. Mtu wa mizani pale uwanja wa ndege, aliyekwisha kuniangalia na kanzu yangu akitegemea kuzozana nami juu ya kilo 23, alistaajabu.

Niliwagawia Jumatano baada ya darasa la asubuhi, kila mmoja karatasi moja, mkubwa wa chuo na yule anayesoma alifu kwa kijiti. Niliwaambia waandike watakalo. Wengi waliandika Bismillahi, mmoja kachora gari, na msichana mmoja alikataa kuandika chochote, akasema ataingoja hati yake iwe nzuri. Mtoto mmoja alikuwa na homa, hakuja. Karatasi yake nimeitia ndani ya juzuu yake, na juzuu iko juu ya rafu yangu.